Dawa ya homa ya mtoto hupimwa kwa miligramu

Chukua chupa mbili za parasetamoli ya watoto. Zote ni dawa ya maji, tamu, na zote zina picha ya mtoto kwenye boksi. Ya kwanza ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Ya pili ni ya matone, nayo ina miligramu 100 katika kila mililita 1. Mama aliyezoea kumpa mtoto wake wa kilo 8 mililita 5 za ile ya kwanza humpa miligramu 120, kipimo sahihi kabisa. Chupa hiyo ikiisha akaletewa ya matone, naye akampa mililita 5 zilezile, mtoto atameza miligramu 500 kwa mkupuo mmoja. Hizo ni zaidi ya mara nne ya alizostahili, na ni takriban kiasi chote anachoruhusiwa kwa saa 24.

Hapo hakuna aliyezembea. Mama amefuata alivyofundishwa na amepima kwa uangalifu. Tatizo ni kwamba alichokariri ni ujazo, ilhali kinachomfikia mtoto mwilini ni miligramu, na miligramu hizo huwa nyingi au chache kulingana na kilo zake. Makosa mengi ya dawa za homa na maumivu kwa watoto huanzia hapo, kwa hiyo makala haya yatakaa kwenye hesabu hiyo kuliko kwenye mambo mengine. Kwanza, hata hivyo, tuelewane dawa hizi hufanya nini, kwa sababu anayetarajia kisichowezekana huishia kuongeza dozi.

Homa na kazi ya dawa

Joto la mwili wa mtoto hupanda na kushuka kutwa nzima. Kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi ni kawaida; likifika 38 husemwa ana homa. Vijidudu vinapoingia mwilini, kinga hutoa kemikali ambazo huchochea utengenezaji wa kemikali nyingine, prostaglandini, katika sehemu ya ubongo inayotawala joto, na ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka. Ndiyo sababu mtoto ambaye homa yake inapanda hutetemeka, mikono na miguu ikawa baridi huku kifua kikichoma: mwili unajikusanyia joto kwa makusudi, kama sehemu ya kupambana na maambukizi. Parasetamoli na ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Kiwango kinashuka, mtoto anatoka jasho, anapoa. Prostaglandini hizohizo hukuza maumivu, na ndiyo maana dawa inayoshusha homa hutuliza pia sikio au koo linalouma.

Chanzo cha homa hakiguswi na dawa hizi. Malaria inaendelea, nimonia inaendelea, maambukizi ya njia ya mkojo yanaendelea. Mtoto kupoa baada ya dawa si ushahidi kwamba ugonjwa wake ni mwepesi, na kuchelewa kupoa si ushahidi kwamba ni mzito. Jambo hili ningependa kila mzazi alishike, maana watoto wengi huchelewa kufikishwa kwenye matibabu kwa sababu tu joto lilishuka baada ya dozi ya kwanza. Penye malaria, mtoto mwenye homa anahitaji kupimwa damu hata kama dawa imemtuliza.

Hofu nyingine ni degedege. Degedege linaloletwa na homa huwapata takriban watoto 2 hadi 5 kati ya 100, kwa kawaida wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, na mara nyingi huisha lenyewe kabla ya dakika 5. Linatisha sana kulitazama. Tafiti zimerudiarudia kuonyesha kwamba kumpa mtoto dawa za homa kwa ratiba hakulizuii, kwa hiyo hakuna faida ya kumjaza dawa usiku kucha kwa ajili hiyo. Likitokea, mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, usimtie chochote mdomoni, dawa ikiwemo, kisha mpeleke hospitali. Degedege huweza pia kutokana na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hilo huwezi kulitambua ukiwa nyumbani.

Kwa hiyo sababu halali ya kumpa mtoto dawa hii ni moja: anateseka. Analia, hataki kunyonya wala kunywa, hawezi kulala, anaumwa. Mtoto wa mwaka mmoja na zaidi mwenye nyuzi 38.7 anayecheza na kunywa vizuri hahitaji dawa ya kushusha namba kwenye kipimajoto. Mtoto aliyelala usingizi wake wa kawaida haamshwi kwa ajili ya dawa ya homa. Na ukishampa, usitarajie joto lirudi 37. Dozi sahihi huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja, na hushusha nyuzi 1 hadi 1.5 hivi. Mtoto aliyekuwa na 39.6 akafika 38.4, akaomba maji na kuanza kutazama watu, dawa imefanya kazi yake. Mzazi asiyejua hilo huona 38.4, akadhani dawa imeshindwa, akaongeza nyingine kabla ya saa zake.

Hesabu yenyewe

Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Ukifuata hivyo, jumla ya siku haitapita miligramu 60 kwa kila kilo, na hapo ndipo pa kuishia kwa mzazi aliye nyumbani.

Tumfanyie hesabu mtoto wa kilo 12. Kilo 12 mara 10 ni miligramu 120. Kilo 12 mara 15 ni miligramu 180. Dozi yake moja basi iko kati ya 120 na 180. Sasa soma chupa. Kama imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, kila mililita ina miligramu 24, kwa hiyo atapewa kati ya mililita 5 na 7.5. Kama ni miligramu 250 kwa mililita 5, kila mililita ina 50, na dozi inakuwa kati ya mililita 2.4 na 3.6. Kama ni ya matone yenye miligramu 100 kwa mililita, inatosha mililita 1.2 hadi 1.8. Mtoto ni yuleyule, dawa ni ileile, lakini mililita zinatofautiana kiasi hicho. Kuna pia chupa za miligramu 125 na za miligramu 160 kwa mililita 5. Mwaka 2011 watengenezaji wa Marekani waliamua kuachana na matone makali na kubaki na nguvu moja ya miligramu 160 kwa mililita 5 kwa watoto wote, kwa sababu ya mkanganyiko huohuo. Kwingineko nguvu mbalimbali bado zinauzwa bega kwa bega.

Hesabu ikikutatiza, si aibu kumwomba mfamasia aifanye mbele yako na aandike mililita kwenye chupa kwa kalamu. Mwambie uzito wa mtoto, kwa sababu umri pekee hubahatisha. Watoto wawili wa miaka miwili wanaweza kupishana kwa kilo 4, na mtoto aliyepungukiwa lishe akipewa dozi ya umri wake atapata zaidi ya anayoweza kuhimili. Huyo apimiwe karibu na miligramu 10 kwa kilo, tena kwa ushauri wa mtaalamu. Kama huna mizani ya watoto, simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe. Uzito wa kwenye kadi ya kliniki ya miezi minne iliyopita umeshapitwa. Na kila chupa mpya inapoingia nyumbani, hata ikiwa ya jina lilelile, hesabu inaanza upya.

Kijiko cha nyumbani hakifai kupimia dawa. Vijiko vya chai hutofautiana mno: vingine hubeba chini ya mililita 3, vingine zaidi ya 7. Tumia sirinji ya kunyweshea isiyo na sindano, au kikombe kidogo kilichokuja na chupa hiyohiyo. Sirinji ni bora kwa watoto wachanga kwa sababu inaonyesha mililita hadi vipande vya kumi. Angalia nukta: 2.5 na 25 zinafanana usiku kwenye mwanga hafifu. Na tikisa chupa kabla ya kupima, kwani dawa nyingi za maji hutuama. Usipotikisa, dozi za mwanzo huwa hafifu na za mwisho huwa kali.

Vidonge vya watu wazima ni mtego mwingine. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Nusu yake ni 250, na kwa mtoto wetu wa kilo 12 hiyo ni karibu miligramu 21 kwa kila kilo, juu ya kipimo. Isitoshe, kidonge kikikatwa kwa kisu hakigawanyiki sawa. Kama mhudumu wa afya amekuelekeza kukata kidonge kwa mtoto fulani, maelekezo hayo ni ya mtoto huyo kwa uzito wake wa siku hiyo. Usiyahamishie kwa mdogo wake. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havikatwi wala kusagwa kamwe. Penye vidonge vya watoto vya kuyeyusha kwenye maji, vya miligramu 100 au 120, hivyo ni salama zaidi.

Mtoto aliye chini ya miezi 3 yuko nje ya hesabu hii yote. Ini na figo zake bado hazijakomaa, na kwake homa ya 38 pekee inatosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Huyo hapewi dawa ya homa nyumbani mpaka mtaalamu amwone na kuagiza.

Dozi zinazojificha

Parasetamoli imo ndani ya dawa nyingi zisizoitwa parasetamoli. Dawa za mafua, dawa za kikohozi zenye mchanganyiko, unga wa kutuliza homa: nyingi zinayo. Mtoto akipewa dawa ya mafua saa mbili usiku, kisha dawa ya homa saa tatu, ameshapata dozi mbili bila mtu yeyote kujua. Soma orodha ya viambato, na kumbuka kwamba kwenye dawa za kutoka Marekani jina lililoandikwa ni acetaminophen. Ni kitu kilekile. Kwa watoto wadogo, dawa za mchanganyiko za mafua na kikohozi zina faida ndogo mno kulinganisha na hatari yake, na maoni yangu ni kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka sita haizihitaji kabisa.

Njia nyingine ya dozi kujificha ni walezi wawili. Baba amempa kabla ya kutoka. Bibi hakuambiwa, naye akampa kwa huruma. Dawa yake ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: saa, jina la dawa, miligramu, na nani aliyempa. Anayetaka kumpa mtoto dawa anasoma karatasi kwanza.

Kwa nini ukali wote huu kwa dawa inayouzwa bila cheti? Kwa sababu ya ini. Sehemu kubwa ya parasetamoli hubadilishwa na ini na kutoka kwenye mkojo bila madhara, lakini sehemu ndogo hugeuka kuwa kemikali yenye sumu. Ini lina akiba ya glutathioni inayoikamata sumu hiyo mara inapozaliwa. Dozi ikiwa sahihi, akiba inatosha na kujijaza tena. Ikizidi sana, au ikizidi kidogokidogo kwa siku kadhaa mfululizo, akiba inaisha, na sumu inaanza kuua seli za ini zenyewe. Mtoto asiyekula au mwenye utapiamlo huwa na akiba ndogo tangu mwanzo, na huyo ndiye mara nyingi anayeumwa kwa siku nyingi na kupewa dawa mfululizo.

Ubaya wake ni ukimya. Saa 24 za kwanza mtoto aliyezidishiwa anaweza kutapika kidogo, kupauka, au asionyeshe chochote. Maumivu ya tumbo upande wa kulia na macho kuwa ya manjano huja siku ya pili au ya tatu, ini likiwa limeshaumia. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, asetilsisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu dozi kubwa ilipomezwa. Kwa hiyo ukigundua umempa kupita kiasi, au mtoto amejinywea mwenyewe, usisubiri dalili na usimtapishe. Nenda hospitali na chupa mkononi, useme ni kiasi gani kimepungua na saa ngapi.

Ibuprofeni

Ibuprofeni hutuliza uvimbe pamoja na homa na maumivu, na hukaa muda mrefu kidogo mwilini. Kipimo chake ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi mara 3 kwa siku. Nguvu ya kawaida ni miligramu 100 kwa mililita 5, lakini ipo pia ya 200 kwa mililita 5 na ya matone iliyo kali zaidi, kwa hiyo onyo la chupa mbili linahusu hii pia. Uingereza huiruhusu kuanzia miezi 3 kwa mtoto aliyefikisha kilo 5. Marekani husema miezi 6. Mimi ningesubiri miezi 6 isipokuwa daktari ameagiza.

Ina masharti ambayo parasetamoli haina. Mtoto anayeharisha au kutapika amepungukiwa maji, na katika hali hiyo figo hutegemea prostaglandini ili mishipa yake ibaki wazi na damu iendelee kupita. Ibuprofeni huziondoa prostaglandini hizo, na figo zinaweza kushindwa. Mtoto mwenye tetekuwanga asipewe, kwani imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi na nyama za chini yake. Penye homa ya dengi asipewe mpaka dengi iondolewe kwenye hesabu, kwa sababu ugonjwa huo hupunguza chembe za kugandisha damu na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu. Mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, au pumu iliyowahi kuzidi baada ya dawa za aina hii, naye asipewe. Masharti haya ndiyo yanayonifanya niseme parasetamoli iwe ya kwanza kila mara, na ibuprofeni ije pale tu hali ya mtoto inapojulikana vizuri.

Je, zitolewe zote mbili? Usizitoe kwa pamoja. Kama umempa moja na bado anateseka, au mateso yamerudi kabla ya saa ya dozi inayofuata, unaweza kutumia nyingine kwa zamu, kila moja ikifuata saa zake. Ratiba mbili zinazopishana huchanganya hata wauguzi, kwa hiyo karatasi ya kwenye chupa hapa ni lazima. Kama homa inamtaabisha mtoto kiasi cha kuhitaji dawa mbili, huo pia ni wakati wa kujiuliza kama amepimwa.

Dawa za kuepuka

Aspirini haipewi mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16 kwa ajili ya homa au maumivu. Mwaka 1963 daktari wa Australia, Douglas Reye, alieleza ugonjwa ambao ubongo wa mtoto huvimba na ini kujaa mafuta ghafla, mara nyingi akiwa anapona mafua au tetekuwanga. Baadaye ilibainika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa wamepewa aspirini. Maonyo yalipotolewa katika miaka ya 1980 na wazazi wakaiacha, ugonjwa huo karibu upotee. Aspirini bado imo kwenye baadhi ya dawa za unga na vidonge vya maumivu vyenye mchanganyiko, na mtu mzima anaweza kummegea mtoto bila kujua. Yapo magonjwa machache ambayo daktari bingwa humwagizia mtoto aspirini. Hayo yanabaki mikononi mwake.

Kodeini, dawa kali ya maumivu na kikohozi, nayo si ya watoto. Ini huigeuza kuwa mofini, na baadhi ya watu kwa kurithi huigeuza haraka mno, kiasi kwamba dozi ya kawaida humfanya mtoto alale na kuacha kupumua. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliizuia kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 2013, na Marekani ikafanya vivyo hivyo mwaka 2017. Jeli za kupaka fizi zenye benzokaini, dawa ya ganzi, zilitolewa onyo na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2018 kwamba zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Kuota meno, hata hivyo, hakuleti homa kali. Mtoto anayeota meno akifika 38.5 ana kitu kingine kinachotafutwa.

Sindano ya kushusha homa huombwa sana na wazazi wanaotaka matokeo ya haraka. Mtoto anayeweza kumeza haihitaji. Baadhi ya dawa zinazochomwa kwa kusudi hilo, diklofenaki na metamizoli, zina hatari zake kubwa, na sindano kwenye paja au tako inaweza kujeruhi neva.

Kumpooza kwa maji baridi au barafu humfanya atetemeke na kupandisha joto la ndani. Kumpangusa kwa spiriti ni hatari, kwa kuwa hupenya ngozi na hewa yake huvutwa. Mpunguzie nguo, mnyonyeshe au mnyweshe mara kwa mara, basi.

Kumnywesha

Mtoto awe amekaa au ameinuliwa, asilale chali. Weka ncha ya sirinji kati ya shavu na fizi, sukuma kidogo, acha ameze, sukuma tena. Ukiimwaga nyuma ya ulimi au ukimbana pua ili afungue mdomo, dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa, hasa akiwa analia. Usiichanganye kwenye chupa nzima ya maziwa. Akiacha nusu, hutajua amepata miligramu ngapi. Usimwambie ni pipi, hata siku anapokataa kabisa, maana siku akiikuta mezani ataifuata kama pipi. Na kizibo cha usalama huchelewesha mtoto tu. Mahali pa chupa ni juu, pamefungwa.

Akitapika ndani ya nusu saa tangu kumeza, unaweza kurudia dozi hiyo mara moja. Akitapika baada ya hapo, hesabu kwamba ameipata na usubiri saa zake. Anayetapika kila kitu hahitaji dozi nyingine ya nyumbani, anahitaji kuonwa na daktari. Dawa za kuingiza njia ya haja kubwa zipo kwa ajili ya anayetapika, na miligramu zake huhesabiwa kwenye jumla ileile ya siku. Usizikate nusu, kwani dawa haijasambaa sawasawa ndani yake.

Baada ya chanjo usimpe dawa kwa kinga kabla hajaumwa, isipokuwa kliniki imeagiza hivyo, kama inavyofanyika kwa chanjo ya meningokoka B, bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Utafiti uliofanyika Jamhuri ya Czech na kuchapishwa katika The Lancet mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto waliopewa parasetamoli kwa ratiba wakati wa chanjo walitengeneza kingamwili chache zaidi kwa baadhi ya chanjo. Akisumbuka kweli baadaye, mpe kipimo chake.

Kuna jambo moja ambalo hesabu nzuri haiwezi kulizuia: dawa yenyewe kuwa chafu. Mwaka 2022 takriban watoto 70 walikufa Gambia, na zaidi ya 200 nchini Indonesia, baada ya kunywa dawa za maji zilizokuwa na dietileni glikoli na etileni glikoli, kemikali za viwandani zinazoua figo. Mnamo Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo. Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa, chupa ikiwa na muhuri, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa nyingine. Mtoto aliyekunywa dawa akaacha kukojoa, kuanza kutapika au kuwa na usingizi usio wa kawaida apelekwe haraka, na chupa isitupwe.

Wakati wa kuacha dawa na kwenda

Mbali na mtoto wa chini ya miezi 3, nenda bila kusubiri ukiona mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachomeza, amepata degedege, amelegea au ni vigumu kumwamsha. Vivyo hivyo akipumua kwa shida au kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, shingo ikikakamaa, utosi ukivimba, au akitokwa na madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia yanapogandamizwa kwa gilasi ya kioo. Kutokojoa kwa saa 8 ni dalili mbaya. Homa inayozidi siku 3 inahitaji daktari hata kama mtoto anaonekana ana nafuu, na penye malaria usingoje siku 3: mpime siku ya kwanza. Kwa mtoto mchanga, mwili kuwa baridi chini ya nyuzi 35.5 ni hatari sawa na homa.

Ukifika, mwambie mhudumu dozi ya mwisho ilikuwa ya dawa gani, miligramu ngapi na saa ngapi, ili asimrudishie nyingine mapema, na ili akikuta joto la 37.2 ajue kwamba limeshushwa na dawa.